Mpira Unaomsubiri Bi Tatu

Nchi yetu haina matatizo. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda wake kuyatafuta. Tuna bahari upande mmoja, milima upande mwingine, na katikati tuna viongozi. Mimi ni kinyozi wa mtaa wa Bondeni na shabiki wa klabu ya Chuma cha Bondeni tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Kama kuna mtu ambaye angeyasikia matatizo, basi ni mimi, maana watu wakishakaa kwenye kiti changu na kufungwa lile shuka shingoni husema kila kitu. Nao husema hakuna matatizo. Husema hivyo huku wakitazama mlango.

Ili uelewe yaliyotupata, lazima kwanza uijue Sheria ya Heshima. Kwetu, jambo lolote la maana hufanywa na mgeni rasmi. Ukishamkabidhi mtu heshima ya kufanya jambo, hakuna binadamu mwingine anayeruhusiwa kulifanya mpaka yeye alifanye. Zahanati yetu ya Bondeni ilijengwa ikaisha, ikawekwa vitanda na dawa, ikafungwa utepe mwekundu mlangoni. Mgeni rasmi akapata safari. Wagonjwa wakangoja nje ya utepe, wengine wakapona wenyewe kwa hasira, na daktari akawa anawapima kwa macho kupitia dirishani. Mkasi ulikuwepo, tena mkononi mwa nesi. Lakini si nesi aliyealikwa kukata.

Sasa tuje kwenye mpira.

Rais wetu mpendwa alikuwa ziarani ng'ambo, akawasha televisheni ya hotelini, akawakuta watu wa huko wanagawana wachezaji. Timu iliyoshika mkia ndiyo iliyochagua kwanza kijana mpya inayemtaka, ikafuata iliyo juu yake, hivyo hivyo mpaka bingwa aliyechagua mwisho kabisa. Rais alitokwa na machozi. Alisema ameitafuta haki maisha yake yote, kumbe iko chaneli ya michezo. Halafu akasinzia, kwa hiyo sehemu iliyobaki ya utaratibu ule ilibidi itungwe na washauri.

Washauri wakatunga. Klabu zibaki na wachezaji wao wa zamani, lakini kila kijana mpya mwenye kipaji akusanywe na kuhifadhiwa katika Hazina ya Taifa ya Vipaji. Msimu ukiisha, uitishwe Mgao mkuu mbele ya mgeni rasmi, na timu mbovu kuliko zote ichague kwanza. Gazeti la serikali liliandika kwamba sasa hata ubovu una malipo yake katika nchi yetu. Tulidhani ni habari mpya.

Gari la Hazina lilifika Bondeni mchana, vijana wakiwa uwanjani. Lilimchukua mpwa wangu Mahadhi, mtoto wa pekee wa dada yangu Bi Tatu, ambaye mtaa mzima tunamwita Kipanga kwa jinsi anavyoushukia mpira. Walimpima urefu, wakamkagua meno, wakampiga muhuri mkononi. Dada yangu alitoka jikoni mbio, mwiko bado mkononi.

"Mama, usilie," afisa alimwambia kwa upole. "Mtoto wako sasa ni rasilimali."

"Hiyo rasilimali inakula saa ngapi?" dada akauliza. "Huyu asipokula mchana anaumwa kichwa."

"Swali zuri sana. Litajibiwa."

"Na mimi nitamwona lini?"

Afisa alieleza kwamba rasilimali haitembelewi, kwa sababu macho ya ndugu huichakaza. Gari likaondoka. Dada alibaki amesimama katikati ya uwanja akiwa ameushika ule mwiko. 

Hapo ndipo Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Kigoda, alipoitisha mkutano wa wanachama. Kigoda ni mtu mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kuombea kura. Alipanda juu ya meza ya pool.

"Wanachama wenzangu! Mnamtaka Kipanga?"

"Tunamtakaaa!"

"Basi tushike mkia!"

Akafafanua. Mkakati wa klabu msimu huu utaitwa Kushuka Kwenda Juu. Tutafungwa na kila mtu, nyumbani na ugenini, mpaka tuwe wa mwisho. Wa mwisho anachagua kwanza. Wa kwanza kuchagua anamchukua Kipanga. Kijana anarudi mtaani kwao, anavaa jezi yetu, analala kwa mama yake.

Mimi ni shabiki mwenye kinyongo, nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, kufungwa si ndiyo kazi yetu siku zote? Mwaka jana tulifungwa na timu ya walimu wa chekechea."

"Kinyozi," alinijibu kwa huruma, "mlikuwa mnafungwa kienyeji. Sasa mtafungwa kitaalamu."

Tukapiga makofi. Dada yangu, ambaye hakuwahi kutazama mpira hata siku moja, aliniuliza kama ni kweli kwamba tukifungwa sana Mahadhi atarudi. Nikamwambia ni kweli. Tangu siku hiyo hakukosa mechi.

Tatizo, samahani, hakuna tatizo. Jambo la kupendeza ni kwamba klabu zote zilikuwa na mwenyekiti mwenye akili kama wa kwetu. Zote ziliamua kushuka kwenda juu. Tulipocheza na Mabawa, timu zote mbili zilikimbilia magoli yao zenyewe. Washambuliaji wetu walikuwa wanajifunga, mabeki wao wanatuzuia tusijifunge, na kipa wetu, Mzee Shomvi, akipigwa tobo na wenzake alikuwa anawashukuru. Tulishinda kwa kushindwa, mabao matano kwa manne. Shomvi alibebwa begani mtaa mzima.

Dada alikuwa hajui kuhesabu mabao. Kila filimbi ikilia alinivuta shati.

"Mdogo wangu, tumefungwa?"

"Tumefungwa, dada."

"Alhamdulillah!"

Kuna timu moja, sitaitaja jina, ambayo mshambuliaji wake aliteleza na kufunga kwa bahati mbaya. Iliitwa mbele ya kamati kueleza bao lile ililipata wapi na kwa kibali cha nani. Mchezaji mwenyewe aliapa kwamba mpira ulimfuata.

Waliopata taabu kuliko wote ni Forodha. Hii ndiyo timu ya wakubwa wa bandarini, iliyo chini ya Brigadia mmoja mstaafu ambaye akikohoa meli hutia nanga. Naye alimtaka Kipanga. Naye aliwaamuru vijana wake wafungwe. Lakini ni nani nchini mwetu wa kuifunga Forodha? Mpira ukiingia kwao, makipa wa timu pinzani walikuwa wanakimbia kutoka golini mwao kwenda kuutoa wavuni na kuomba radhi. Forodha ikaamua kujifunga yenyewe. Waamuzi wakayakataa mabao, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuandika kwa mkono wake kwamba Forodha imefungwa. Brigadia alikuwa anasimama pembeni ya uwanja akilia kama mtoto: "Kwani sisi hatuna haki? Kwa nini hamtufungi? Tumewakosea nini?" Akatwaa ubingwa bila kupenda, na alipokabidhiwa kombe alilipokea kwa kisogo.

Sisi tukashika mkia. Bondeni ilirindima. Watu waliokuwa hawasalimiani walikumbatiana, na mimi nilinyoa bure kutwa nzima. Dada alikwenda kuosha shuka za kitanda cha Mahadhi.

Siku ya Mgao tulikodi basi. Njia nzima tulikuwa tunamfunza Mwenyekiti neno moja tu.

"Sema Kipanga."

"Kipanga."

"Tena."

"Kipanga."

Alisinzia, tukamshtua, akasema Kipanga. Tukaridhika. Dada alikuwa amevaa kanga mpya ya njano, na mapajani amepakata chapati zilizofungwa kitambaani, za kumlisha mwanawe wakati wa kurudi.

Ukumbi wa Taifa ulikuwa umepambwa. Meza kuu ilijaa kutoka ukuta hadi ukuta: Waziri wa Michezo ndiye mgeni rasmi, kisha Naibu wake, Katibu Mkuu, Mkuu wa Itifaki, na wengine wengi ambao kazi zao hutajwa kwa vifupisho. Jukwaani walikaliswa vijana wa Hazina, wamevalishwa sare, kila mmoja ana namba kifuani kama suti za dukani. Kipanga alimwona mama yake akainua mkono. Mlinzi akaushusha. Roho inaniuma mpaka leo.

Baada ya ngoma, kwaya, shairi la kumsifu Rais, na shairi jingine la kulisifu lile shairi la kwanza, tukaitwa. Mwenyekiti Kigoda alikamata kipaza sauti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa wote mlioketi meza kuu, itifaki imezingatiwa!" Makofi. "Klabu ya Chuma cha Bondeni, kwa unyenyekevu mkubwa, inamchagua..."

Hapo akainua macho, yakakutana na macho ya Waziri. Maskini, Waziri labda hata hakuwa anamtazama yeye, alikuwa anatazama saa ya ukutani. Lakini Kigoda amelelewa nchi hii hii. Katika maisha yake yote hajawahi kukata keki, kuonja pilau wala kukaa kwenye kiti kabla ya mgeni rasmi. Nililiona lile neno likimfika mdomoni, likageuka, likarudi tumboni.

"Lakini mimi ni nani, mheshimiwa," alisema, "hata nichague mchezaji na wewe upo? Kwa heshima na taadhima, namkabidhi mgeni rasmi atuchagulie!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mikono yangu nayo ilipiga, haikuniuliza.

Dada alinifinya. "Kasema Mahadhi?"

"Bado, dada. Amempa Waziri aseme."

"Waziri anamjua mwanangu?"

Waziri alisimama, amefurahi kweli kweli. Alitusimulia kwamba alipokuwa shule angechaguliwa timu ya shule, kama si surua. Alisema hajawahi kuisahau ile surua. "Chuma cha Bondeni wanahitaji mshambuliaji," aliendelea. "Mzoefu. Mwadilifu. Mtu wa watu. Nimelitafakari jambo hili kwa kina tangu niliposimama hapa, nimeshauriana na nafsi yangu, na nafsi yangu imeridhia. Naenda Bondeni mimi mwenyewe!"

Hakuna aliyecheka. Nawaambia, hakuna. Mshereheshaji alitoa leso akafuta machozi ya uzalendo.

Sasa wakaitwa Mabawa. Wangefanyaje? Waziri keshachaguliwa. Wakichagua kijana wa mtaani itamaanisha kijana huyo ni mkubwa kuliko Naibu Waziri. Wakamchukua Naibu Waziri. Waliofuata wakamchukua Katibu Mkuu. Mkuu wa Itifaki akawa kipa wa timu ya reli, na papo hapo akashauri mabao yawe yanaingia kwa kufuata vyeo. Kwa mwendo huo meza kuu yote ikagawanywa, mpaka zikabaki chupa za maji na vitambaa.

Mwisho kabisa wakaitwa Forodha. Brigadia alipanda amenuna. Akaitazama meza kuu, haina mtu wa kumpa heshima. Akalitazama jukwaa, limejaa vijana.

"Basi nipeni hao," akasema.

"Yupi, Brigadia?"

"Wote. Kuna anayewataka?"

Na hivyo ndivyo haki ilivyotendeka. Timu bora ikapata wachezaji wote, timu mbovu zikapata viongozi wote. Kipanga na wenzake wakapakiwa kwenye lori la Forodha kwenda kuishi ndani ya geti la bandari, ambako mama haingii bila kulipiwa ushuru.

Kwenye basi hakuna aliyezigusa zile chapati. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekuwa na furaha. "Kushuka Kwenda Juu kumezaa kuliko tulivyotarajia," alisema. "Ni klabu gani nyingine yenye Waziri?" Kesho yake alikuja kunyolewa. Nilimnyoa, na masikio yake yalibaki mazima kwa taabu.

Mechi ya kwanza ya msimu mpya ilikuwa Chuma na Forodha, uwanjani kwetu. Ligi yetu huchezwa mechi moja moja kwa zamu, ili viongozi wasikose hata moja, kwa hiyo nchi nzima ilikuwa inatutazama sisi. Mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Mawaziri mwenyewe. Waziri wetu aliingia amevaa jezi namba tisa iliyochomekwa vizuri, na tai juu yake. Nyuma yake alikimbia mshika mwavuli, mshika miwani na mshika kipaza sauti.

Ungedhani Forodha, wenye vipaji vyote vya taifa, wangetumaliza mapema. Lakini Waziri alisimama katikati ya uwanja na msafara wake, na kwetu kuupita msafara wa Waziri ni kosa kubwa la barabarani. Hakuna aliyekuwa na uhakika kama uwanja si barabara. Kipanga aliupata mpira, akaja nao mbio, akafika nyuma ya mshika mwavuli, akasimama. Wenzake wote wakapanga foleni nyuma yake. Kipindi cha kwanza kikaisha hivyo.

Kipindi cha pili Waziri aliamua kushambulia. Alitembea polepole kuelekea golini kwa Forodha, akisalimia mashabiki pande zote, na wachezaji wote wakimfuata kwa nyuma. Mabeki walijitenga: "Pita, mheshimiwa." Alipofika ndani ya boksi akakanyaga kamba ya kiatu chake mwenyewe, akaanguka. Mwamuzi alipiga filimbi kwa masikitiko makubwa na kuipa Chuma penalti.

Mpira ukatengwa. Waziri akajifuta vumbi, akarudi hatua kadhaa nyuma, akainua macho. Nami nikajua. Nilimwona Mkuu wa Mawaziri jukwaani kwa wakati ule ule alipomwona yeye, na nikasema kimoyomoyo, hapigi huyu.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Waziri kwenye kipaza sauti. "Mimi ni nani hata nipige penalti na mgeni rasmi yupo?"

Mkuu wa Mawaziri akashuka ngazi kwa makofi. Akautazama mpira. Akatazama kamera za televisheni, viatu vyake vya kung'aa, kisha goli, ambalo kwa karibu ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Kijasho kikamtoka.  Hapo ikasikika sauti moja kutoka kwenye mabenchi yetu.

"Mahadhi! Umekulaaa?"

Ni dada yangu. Alikuwa amesimama juu ya benchi tangu mwanzo wa mechi.

Mkuu wa Mawaziri aligeuka kama mtu aliyetupiwa kamba akiwa anazama. "Naisikia sauti ya mama!" akapaza. "Kina mama ndio nchi! Heshima ya kupiga penalti hii namkabidhi mama yule pale, mwenye kanga ya njano!"

Watu wakalia kwa furaha. Dada akashuka benchi kwa benchi, akaingia uwanjani na ndala zake. Mwamuzi akampigia saluti. Akawekewa kipaza sauti mdomoni, akakisukuma pembeni.

Alifika kwenye mpira, akauzunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi la maji, akaenda mpaka ukingoni mwa boksi alipokuwa amesimama mwanawe. Akamshika shingo.

"Umekonda."

"Kidogo, mama."

"Umekula?"

"Sijala."

"Twende nyumbani."

Akamshika mkono. Mlinzi wa Forodha alitaka kuwafuata, lakini Mkuu wa Itifaki, ambaye alikuja kutazama mechi na jezi yake ya kipa, alimdaka kola. "Una wazimu? Mama yule ana heshima mkononi! Ukimgusa yeye umemgusa Mkuu wa Mawaziri!" Mlinzi akabaki amekauka. Askari wa getini wakasimama wima, wakafungua lango kubwa, lile la misafara, na dada yangu akapita na Mahadhi huku jukwaa kuu lote likimpigia makofi. Wengi walidhani anakwenda kuvaa njumu.

Hiyo ndiyo mechi ninayoizungumzia. Bado inaendelea. Ubao unasoma sufuri kwa sufuri, na mpira uko pale pale kwenye nukta ya penalti, maana hakuna binadamu anayeruhusiwa kuupiga kabla ya Bi Tatu. Mvua imeunyeshea, jua limeukausha. Waamuzi wanapokezana filimbi. Waziri wetu bado yuko uwanjani na bukta yake, amewekewa meza na kiti pembeni ya mpira, anaendeshea wizara hapo. Mechi ya pili ya ligi haiwezi kuanza kabla ya ya kwanza kuisha, kwa hiyo ligi imesimama, na bila ligi hakuna wa mwisho, na bila wa mwisho hakuna Mgao. Vijana wengine wa Forodha nao waliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Hakuna kanuni inayosema mchezaji akienda kunywa maji arudi lini.

Mwenyekiti Kigoda anatembea mtaani kifua mbele. "Si niliwaambia tutampata Kipanga?" anasema, na sisi hatumbishii, kwa kuwa jioni Kipanga anacheza uwanja wa mtaani mbele ya kibanda changu cha kunyolea, na mimi namtazama kupitia mlangoni. Ukiona mtu wa Bondeni amenyolewa upande mmoja juu na mwingine chini, ujue alikuja wakati kijana ana mpira mguuni.

Kila baada ya muda ujumbe wa serikali huja nyumbani kwa dada. Huja na kipaza sauti na jozi ya njumu mpya kwenye sinia, Mkuu wa Itifaki akiwa mbele. Majuzi nilikuwepo. Walisimama mlangoni mwa jiko, wamevua kofia, Mahadhi ameketi kwenye mkeka anakula.

"Bi Tatu," Mkuu wa Itifaki alisema kwa unyenyekevu, "taifa linakusubiri."

"Waambieni nakuja," dada alijibu bila kugeuka. "Namalizia kuunga mchicha."